Tupeane uzoefu: mliokulia kando ya Kikuletwa, mto umewafanyia nini?

Mtoto wa Mto: Wadau, mimi ni wa Moshi ya chini, upande wa mashamba ya miwa. Kikuletwa kwetu ndiyo ilikuwa bafu, ndiyo bomba. Unaoga jua kali, hata wingu hamna, mara gogo la mgomba linapita katikati ya mto. Bibi anapiga kelele, "Tokeni!" Huku chini hatukuwa na migomba, kwa hiyo ukiona gogo ujue mlimani kumenyesha. Haukupita muda maji yalikuwa kama chai ya maziwa, tena yanavuma. Siku moja nilibisha nikabaki kusaka ndala. Ndala zilienda, mimi nikadakwa na matete. Fimbo niliyochapwa naikumbuka kuliko maji yenyewe. Nani mwingine?

Mama Jaruba: Sisi wa mpunga Chekereni tunatumia mto Rau, ila kesi ni ile ile: aliye chini anapokea mabaki. Zamu yangu ya maji iliangukia saa nane usiku. Nimefika na tochi na jembe, mfereji mkavu, vyura tu. Nikaufuata juu, nikakuta jamaa kaziba kwa magunia ya mchanga, kalala kwenye tuta, miguu kaining'iniza upande mkavu. Sikumwamsha. Nilitoa gunia moja moja, polepole. Kaamka maji yako magotini.

Wa Arusha: 😂 Aisee! Mto Themi unaopita hapa mjini nao unaishia Kikuletwa. Chupa zetu zote mnazipata ninyi. Samahanini.

Mzee wa Perege: Zinafika kwetu Nyumba ya Mungu, kijana. Bwawa linapokea Kikuletwa, na Ruvu inayotoka Ziwa Jipe, ndipo Pangani inaanza safari ya baharini. Perege wa zamani mmoja alijaza sahani. Siku hizi ni kiganja cha mtoto. Kokoro, ule wavu wa kukokota, limetumaliza, na mimi nimelivuta, sijitetei. Uvuvi ukifungwa nalima ufukweni maji yalipoondoka, udongo ule hautaki mbolea. Shida maji hurudi bila hodi. Kuna mwaka vitunguu nimevuna kwa mtumbwi.

Mtoto wa Mto: Shikamoo mzee. Viliuzika?

Mzee wa Perege: Marahaba. Vilishalowa, wiki haikuisha vikaanza kuoza. Tulikula vitunguu mpaka watoto wakagoma.