Hivi kweli kuna kiumbe cha maabara kinaitwa "pombe"?

Mjukuu_wa_Mbozi:
Wakuu habari za jioni. Nasoma fomu siksi hapa Mbeya mjini, jana kwenye notsi za bailojia nimekuta jina Schizosaccharomyces pombe nikajua tu mwalimu kakosea. Likizo nilikuwa kwa bibi Mbozi anapika kimpumu, ile pombe ya kienyeji, nimeanika naye kimea cha ulezi siku nzima, sasa hiyo ya notsi na ya bibi zinahusiana? Na kwa nini wanasayansi wahangaike na vidudu badala ya kumchunguza mtu mwenyewe?

Mama_Uyole:
Mwanangu mwalimu hajakosea, hilo neno ni letu kabisa. 1893 Mjerumani mmoja Paul Lindner alikuta chachu kwenye pombe ya nafaka iliyotoka huku Afrika Mashariki, akaipa jina hilohilo. Hamira ya mandazi huchipua kijitoto ubavuni, hii sasa ni kama kijiti, inarefuka kwenye ncha tu halafu inajikata katikati zinakuwa mbili, kwa hiyo ukipima urefu peke yake unajua imefikia wapi kujigawa. Miaka ya 1970 Paul Nurse akiwa Edinburgh akaona zingine zinajikata zikiwa bado fupi, akaifuatilia jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) inayoamua saa ya kujigawa, inaitwa cdc2. Sasa sikiliza hii, 1987 yeye na Melanie Lee wakachukua jeni ya BINADAMU wakaiweka kwenye chachu ambayo cdc2 yake imeharibika, na chachu ikajigawa kama kawaida! Mimi nilipofundishwa hili chuoni sikulala. Saratani ni seli kujigawa ovyo, ndo uone uzito wake. Nobel wakampa Nurse 2001 pamoja na Hartwell aliyechunguza hamira, na Hunt.

Fundi_Maabara_Iringa:
Mama yuko sahihi ila niongeze, chachu inayotumika maabara nyingi leo haikutoka kwenye pombe ile ya Lindner, ni ya ukoo mwingine uliopatikana kwenye juisi ya zabibu, Urs Leupold wa Uswisi ndo akaanza nayo. Jina limebaki letu. Kuhusu kwa nini vidudu, ni muda ndugu yangu. Huku kwetu ulanzi, pombe ya mianzi, ukiugema asubuhi mtamu, jioni umeshakuwa mkali, vidudu vimefanya kazi siku moja tu. E. coli, bakteria wa tumboni, ikishiba na ikipata joto zuri inajigawa kila dakika 20, wewe kuona vitukuu vya mtu utasubiri miaka mingapi? Ndo maana 1946 mwanasayansi Mmarekani Lederberg akiwa na miaka 21 tu, yeye na mwenzake Tatum wakaonyesha bakteria wanapeana jeni, kwa ukoo wa E. coli uitwao K-12 uliotoka kwa mgonjwa huko Stanford 1922.

Mjukuu_wa_Mbozi:
Asanteni sana. Hivi kwa darubini ya shule naweza kuziona kwenye kimpumu cha bibi?

Mama_Uyole:
Unaziona vizuri tu. Chukua tone la juu lisilo na machicha, ongeza maji kidogo, funika na kioo, tumia lensi ya 40. Za mviringo zenye kijitoto ubavuni ni jamaa za hamira, ukikuta vijiti vyenye mstari katikati uje utuambie hapahapa, na bibi msalimie.