Mama yuko kwenye warfarini, nimemkatalia mtindi na togwa, nimekosea?

mjukuu_wa_kongwa
Mbukwenyi wakuu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Mama yangu aliwekewa valvu ya chuma kwenye moyo mwaka juzi, ile ya maitro iliyo upande wa kushoto wa moyo, tangu hapo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku saa mbili usiku, klinki yake iko hapahapa Dodoma mjini. Kwenye kadi wameandika INR (kile kipimo cha damu inavyokawia kuganda, ikishuka inaganda upesi, ikipanda inakawia) iwe 2.5 mpaka 3.5 na muda wote ilikuwa 2.7, 2.9, haisumbui. Mwezi wa pili akaenda kijijini akakaa wiki tano, kurudi kupima tunakuta 1.7. Dozi ikaongezwa, foleni ilikuwa kubwa tukaambiwa tu mpunguze vyakula vyenye vitamini K, tukatoka hivyo hivyo.

Kufika nyumbani nikaingia mtandaoni nikakuta orodha inasema mtu wa dawa ya kuyeyusha damu asiguse chakula chochote kilichochachushwa. Sasa mama ni Mgogo wa kukulia kwenye ng'ombe, mtindi kwake ndo mboga, akipata ugali wa uwele na mtindi hahitaji kingine. Nikamkatalia mtindi, nikamkatalia togwa, na majani ya aina yoyote nikaondoa mezani. Leo ni siku ya kumi na mbili hali chakula vizuri, amepungua, jana kaniambia "mwanangu niache nife nimeshiba". Nimelia. Ni kweli mtindi ndo ulishusha INR?

mama_pacha_nkuhungu
Pole sana ndugu yangu, hiyo kauli ya mama inaumiza. Mimi nipo kwenye warfarini mwaka wa nne, damu iliniganda mguuni mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa nimejifungua. Mtindi nakunywa karibu kila siku na INR yangu imetulia kwenye 2 na pointi. Nikuulize, huko kijijini alikuwa anakula mboga gani? Maana mwezi wa pili huku kwetu ni mvua, mlenda umeota mpaka nyuma ya choo, majani ya kunde, mchicha, matembele, na mboga ni za bure watu wanakula mchana na usiku. Mimi mwaka wa kwanza INR ilinishuka kila masika nikawa naambiwa simezi dawa, na namuapia Mungu nilikuwa nameza!

mjukuu_wa_kongwa
Dada umenigusa penyewe. Nimemuuliza sasa hivi, anasema mlenda ilikuwa kila siku mara mbili, na majani ya kunde ya karanga juu. Mjini hapa huwa anakula majani labda mara mbili kwa wiki.

mfamasia_dom
Mkuu tulia usome hii yote, mwishoni kuna jambo la haraka.

Warfarini inafanya kazi kwa kuzuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza vile vitu vinavyogandisha damu. Ukiingiza vitamini K nyingi kuliko ulivyozoea dawa inazidiwa, INR inashuka. Ukipunguza ghafla dawa inazidi nguvu, INR inapanda. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kiasi kilekile wiki hadi wiki, mtu hakatazwi majani.

Hiyo orodha uliyosoma nadhani chanzo chake ni nato ya Japani, soya inayochachushwa na bakteria anaitwa Bacillus subtilis. Huyo anazalisha vitamini K2 kwa wingi, gramu 100 za nato zina kama mikrogramu 1,000 na wagonjwa wa warfarini kule wanakatazwa kabisa. Watu wakachukua hilo wakalibandika kwenye kila kitu kilichochachuka. Mtindi unachachushwa na bakteria wengine, vitamini K yake ni mikrogramu chache tu kwa gramu 100. Togwa ni uji na kimea, nayo haina cha kutisha. Sasa linganisha na mchicha mbichi, gramu 100 unafika huko huko kwenye 1,000 na mwili wa mwanamke mtu mzima unahitaji kama 90 kwa siku. Hapo utaona nani alishusha INR ya mama.

Jambo la haraka ni hili. Dozi iliongezwa wakati mwili wake umejaa majani ya kijijini. Sasa amerudi mjini, umeondoa majani yote, na juu ya hapo hali chakula vizuri, lakini dozi ni ile kubwa. INR yake inaweza kuwa inapanda muda huu tunavyoandika. Usisubiri tarehe ya kadi, mpeleke kesho akapimwe. Ukiona fizi zinatoa damu, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au ameanguka akajigonga kichwa au kichwa kinauma vibaya, ni usiku huohuo.

mfugaji_bahi
Naunga mkono kuhusu mtindi ila nina la kuongeza kwa sababu limetupata nyumbani. Mtindi wa kibuyu mara nyingi ni maziwa ambayo hayajachemshwa, watu wanaamini yakichacha yamejisafisha, si kweli, brusela, bakteria wa maziwa mabichi anayeleta homa, hafi kwa ule uchachu wa siku mbili tatu. Shangazi yangu naye wa warfarini akapata brusela, homa na viungo wiki nyingi, akaandikiwa doksisaiklini na rifampisini, na aliyemwandikia hakuuliza anatumia dawa gani nyingine. Rifampisini inaifanya warfarini iishe nguvu kabisa, INR ikaenda 1.2, kuja kuishusha na kuipandisha ilichukua miezi.

Sisi sasa tunachemsha maziwa mpaka yafoke, yanapoa yakiwa vuguvugu tunaweka vijiko viwili vya mtindi wa jana ambao nao ulichemshwa, tunafunika mpaka kesho. Kibuyu tumekiacha kwa ajili yake, tunatumia chombo kinachooshwa kwa maji ya moto. Ladha ya moshi haipo lakini anakunywa.

mfamasia_dom
Mfugaji umesema la maana sana. Nami naongezea, akiumwa tumbo msikimbilie duka la dawa kununua flajili au septrini, hizo zinapandisha INR vibaya sana. Diklofenaki za mgongo pia hapana, zinachokoza tumbo litoe damu. Maumivu madogo panado kwa kiasi. Na unga wa mlonge ambao kila mtu anapewa siku hizi, ule ni majani makavu, una vitamini K ya kutosha.

kijana_wa_makole
Wakuu samahani kudandia, baba yangu anatumia rivaroksabani, nayo ni ya kuzuia damu isigande, haya ya majani yanamhusu? Na pombe ya mtama wikiendi?

mfamasia_dom
Majani hayamhusu, hiyo haipiti kwenye vitamini K. Kama ni vidonge vya miligramu 20 ameze na chakula. Ila wenye valvu ya chuma wasijibadilishie wakaenda huko, haiwafai. Pombe nyingi kwa mkupuo ni hatari kwa dawa zote mbili, na mlevi anaanguka.

mjukuu_wa_kongwa
Narudi na majibu. Tulienda asubuhi yake, INR 4.6. Damu haikutoka popote, asante Mungu, safari hii daktari alikaa na sisi, nikamweleza habari ya kijijini yote. Ameruka dozi ya siku moja, dozi imerudishwa ile ya zamani, baada ya wiki tumepima ni 3.1. Mfamasia nimekosa neno la kukushukuru.

Mtindi amerudishiwa siku ileile, wa kuchemsha, alinuna kidogo kuhusu kibuyu halafu akamaliza kikombe. Majani tumekubaliana jumanne, alhamisi na jumapili, kibakuli kimoja, hata ikifika masika akienda kijijini Kongwa. Swali langu la mwisho, kiangazi mlenda unakuwa ule mkavu wa unga, kijiko kimoja kinalingana na kibakuli cha mbichi?

mama_pacha_nkuhungu
Mkavu umesinyaa, kijiko kimoja ni majani mengi. Mimi nilianza na kijiko kimoja siku zilezile nikapima baada ya wiki, kisha sikubadilisha tena. Mwambie na klinki kabla hamjaanza.