Bar mitzva ya kijana wangu pale Ukuta wa Magharibi, mimi mama nisimame wapi? Naombeni ushauri

MamaKijana_Haifa:
Wapendwa habari za saizi. Mimi ni Mchaga wa Machame, niko Israeli mwaka wa 15 sasa, nimeolewa huku na niliingia dini ya Kiyahudi kabla kijana hajazaliwa. Anatimiza 13 mwezi wa sita, na hapo ndo anahesabika mtu mzima mbele ya Torati, anaitwa kusoma gombo, anafunga tefilini, vile visanduku vyeusi vya ngozi vyenye maandiko ndani, kimoja mkononi kimoja kichwani. Tumepanga iwe Yerusalemu, Alhamisi asubuhi, pale Ukutani, ule ukuta wa kale wa uwanja wa Hekalu ambako Wayahudi wanasali.

Shida iko hapa. Pale wanaume kwao wanawake kwao, katikati kizuizi, na meza ya kusomea iko kwa wanaume. Miezi nane namsikiliza mwanangu akikariri jikoni huku namenya viazi mpaka na mimi ile sauti ya kusomea naijua yote, halafu siku yenyewe nichungulie kama jirani? Upande wa kusini kuna Ezrat Yisrael, familia inasimama pamoja, ila baba mkwe hataki hata kusikia. Na namwelewa jamani, yeye alifikisha 13 mwaka 1965, wakati huo Mji wa Kale wenye huo Ukuta uko chini ya Jordan, Myahudi wa Israeli hakanyagi pale mpaka vita vya 1967, kwa hiyo alisomea sinagogi ya mtaani kwao. Anataka mjukuu asimame pale pale yeye alipokosa.

Mama yangu naye anakuja kutoka Moshi, ana miaka 74, magoti yanamsumbua, Mlutheri, anaiita kipaimara. Nifanyeje?

MleziYerusalemu:
Dada pole na hongera. Mimi nalea mzee huku, nimeshampeleka kwenye bar mitzva za wajukuu watatu. Wahini mapema, meza yenu ikae imegusana na kizuizi kabisa. Wanawake wanapanda juu ya viti vya plastiki, unamwona mtoto vizuri, akimaliza mnamrushia pipi na vigelegele. Tena hao wenye asili ya Morocco wanapiga vigelegele kama kwetu tu, mama yako atajiona yuko harusini! Pipi ziwe laini, gombo na kichwa cha mtoto viko pale. Bibi mshushieni Lango la Jaa, ndo karibu zaidi, mkianzia Lango la Yafa atatembea sana na ngazi juu. Kuwa Mkristo si tatizo, afunike mabega na magoti tu.

Juma_K:
Kwa nini msifanye Jumamosi si ndo siku yao kubwa, watu wote hawana kazi

MleziYerusalemu:
Juma Jumamosi hakuna simu wala kamera, na tefilini hazivaliwi Sabato. Ndo maana watu wanachagua Jumatatu na Alhamisi, siku hizo pia gombo linafunguliwa.

Nabugoye_Mbale:
Shalom mama. Mimi ni wa Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, kwetu Mbale mke na mume wanasali pamoja, kwa hiyo niseme wazi moyo wangu uko Ezrat Yisrael. Utasimama ubavuni mwa mtoto, utamwona anavyozungusha ule ukanda wa tefilini mkononi mara saba. Ni Ukuta ule ule mama, sehemu nyingine tu, na pembeni yapo mawe yaliyoangushwa na Warumi mwaka 70 yamelala barabarani mpaka leo. Ila uliza mapema habari ya kugusa Ukuta, 2018 jiwe kubwa la kilo kama 100 lilidondoka pale wakafunga.

Sasa sikia. Jumatatu na Alhamisi fungu linalosomwa ni lile lile, mwanzo wa fungu la Sabato inayokuja. Mtoto hana cha kujifunza upya. Asome Jumatatu na wewe, Alhamisi na babu. Angalieni tu awe ameshatimiza 13 kwa kalenda ya Kiebrania kufikia hiyo Jumatatu, na muwe na watu kumi wa kusali nao.

Mama_Tuli:
Na kijana mwenyewe mmemuuliza? Yeye ndo anasoma

MamaKijana_Haifa:
Nimerudi. Nabugoye Mungu akubariki, nilisoma jibu lako nikalia kwenye basi. Kalenda tumeangalia, anatimiza Ijumaa ya wiki iliyotangulia, kwa hiyo Jumatatu inafaa. Mama Tuli, kijana nimemuuliza, kasema kwanza asome na mimi maana akikosea mimi ndo najua pa kumsaidia. Mume kakubali palepale. Alhamisi nitapanda kiti na mama mkwe, bibi tutamwekea kiti chake karibu na kizuizi aketi, asikie.

Baba mkwe alinyamaza siku mbili. Jana usiku kapiga simu, hakusema mengi, kauliza tu Jumatatu tunaanza saa ngapi. Nimemwambia saa moja asubuhi.