Simbilisi wangu anatafuta wanawe tangu juzi, nifanyeje?

MamaWawili_Uyole
Habari za jioni wapendwa. Niko Uyole, Mbeya. Nafuga simbilisi tangu mwaka jana, majike wawili na dume mmoja, nimewapa lile jiko letu la zamani la nje. Jike mmoja, mwekundu mwenye baka jeupe begani, alizaa watatu. Juzi walitimiza siku 12, akaja mama mmoja tunayesali naye, wanawe wanataka wa kufuga. Nikampa wote watatu. Niliona wanatafuna majani tangu siku ya pili, nikajua wameshajitegemea.

Usiku ule mama yao hakutulia. Alizunguka ukuta mzima ananusa kila kona, anatoa ile sauti ya chini, kut-kut-kut, aliyokuwa anawaitia kunyonya. Leo amejikunyata kwenye nyasi kavu. Matembele niliyomwekea asubuhi yamenyauka, ameonja jani moja au mawili. Mume wangu anasema ni mnyama tu, atasahau. Lakini mwanangu wa kwanza alilazwa wodi ya watoto wachanga siku tisa, mimi niko wodi nyingine, na kule kutafuta ninakujua.

Je, anahuzunika kweli? Itamchukua siku ngapi? Au niwafuate?

Mfugaji_Mafinga
Kamwene dada. Kabla ya yote, mshike umpapase chuchu. Anazo mbili tu, chini karibu na miguu ya nyuma. Maziwa yanaendelea kutengenezwa na hakuna anayenyonya. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umbebe matako, asiruke. Zikiwa laini, sawa. Ikiwa moja imejaa na ni ngumu, ana maumivu, na huenda ndiyo sababu hali. Ikiwa imekuwa nyekundu au imeiva rangi ya zambarau, ni daktari wa mifugo leo leo.

Nilipoteza jike mmoja kwa kosa hilo. Niliwaambia watu "anawawaza wanawe", siku ya tatu ndipo nikamshika, kiwele upande mmoja kama jiwe. Kesho yake akafa. Simbilisi asiyekula siku nzima tumbo lake linasimama, kwa hiyo usikae kusubiri asahau.

Na siku 12 ni mapema. Wanazaliwa na manyoya, macho wazi, meno tayari, hicho ndicho kinachotudanganya wengi. Majani wanakula, ila maziwa bado wanayahitaji mpaka wiki tatu.

Makete_baridi
Huku kwetu tunawatoa hata wa wiki moja na mama haoneshi chochote. Akipandwa tena yanaisha.

Mfugaji_Mafinga
Ndugu yangu, wa wiki moja kwa baridi ya Makete? Wanaopona unawaona, wanaokufa wanafia kwa aliyewachukua.

Binti_Tukuyu
Poleni mama. Nimesomea mifugo, naomba niongeze upande wa watoto, maana wao ndio wanaoumia zaidi. Simbilisi mchanga akitengwa na mama yake hupiga mluzi mkali mfululizo. Baada ya saa moja au mbili ananyamaza, anajikunja, macho yanafumba, manyoya yanasimama. Watu husema "amezoea". Hajazoea, mwili wake umeelemewa. Mpigie huyo mama umuulize wakoje.

Na mama simbilisi ana njia zake za kulea. Hatengenezi kiota, hambebi mtoto kwa mdomo kama paka. Anawaita, anakaa karibu, anawalamba chini ya mkia ili wakojoe. Ukiwaondoa wote kwa mpigo anabaki na kule kuita tu. Ndiyo maana unamsikia.

Wakirudi atawapokea, usiogope harufu ya mikono ya watu. Majike hawa hunyonyesha hata watoto wa wenzao. Wakifika siku 21 toa madume kwanza, maana hawachelewi kumpanda mama na dada zao. Majike watoe mmoja mmoja, kiwele kikauke polepole. Halafu, dume alikuwa naye siku ya kuzaa? Kama ndiyo, hesabu kwamba ana mimba nyingine, kwa kuwa hupandwa saa chache tu baada ya kuzaa. Mpe hoho na majani mabichi kila siku, vitamini C mwili wake hauitengenezi, kama sisi. Majani ya parachichi na ya viazi mviringo usimpe.

MamaWawili_Uyole
Nimerudi. Chuchu ya kushoto ilikuwa ngumu na ya moto, rangi haijabadilika. Nimechukua bodaboda usiku huu huu mpaka kwa yule mama, nikamweleza, hakuona vibaya. Watoto walikuwa kwenye boksi, kimya, wamebanana. Yeye aliniambia wana adabu, hawasumbui. Nilipokumbuka maneno ya binti wa Tukuyu nilishindwa kujibu.

Nimewaweka chini mlangoni. Mama yao aliinua kichwa, akaita, wakamkimbilia wote, wawili wakaingia tumboni kwa pamoja na wa tatu akawa anapanda juu ya mgongo wa mwenzake. Amewalamba mmoja mmoja. Saa nzima nimekaa hapo na tochi ya simu. Ametafuna majani ya karoti. Dume nimemhamishia kwenye tenga, na ndiyo, alikuwepo siku ya kuzaa.

Swali moja: nina amoksilini ya mtoto imebaki, nimpe kidogo kwa ajili ya hiyo chuchu?

Binti_Tukuyu
Hapana mama, usimpe kabisa! Amoksilini na dawa zote za jamii ya penisilini huua simbilisi, zinaharibu vijidudu vinavyomsaidia kusaga majani. Mkande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, waache watoto wanyonye. Asubuhi ikiwa bado ngumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.