Naomba ushauri: eneo la uendelezaji upya la Kariakoo linataka kupanuliwa hadi mtaani kwetu Ilala, mama hataki kuhama

BintiIlala

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo lenyewe limenikosesha usingizi wiki ya tatu hii.

Nyumba yetu iko Ilala, Dar es Salaam, kwa mguu unafika soko la Karume bila kuchoka. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uani kuna jiko, choo na mwembe. Marehemu baba aliimalizia 1968. Vyumba vitatu anakaa mama na wajukuu, vitatu vina wapangaji. Mpangaji mmoja ni mama lishe, yuko na sisi mwaka wa kumi na tisa sasa.

Mwezi uliopita tuliitwa mkutano wa mtaa. Tukaelezwa kuna pendekezo la kulipanua eneo la uendelezaji upya, lisiishie tena Kariakoo, lije mpaka kwetu. Viwanja vidogo viunganishwe, nyumba za chini ziondoke, yapande maghorofa, barabara na mitaro ipanuliwe. Nilisimama nikauliza kuhusu fidia, nikajibiwa wataalamu watakuja. Hawajaja. Waliokuja ni madalali.

Kuna mwekezaji ameleta ofa ya ubia: yeye anajenga ghorofa nane, sisi tunapewa sakafu mbili za juu kabisa, nyingine zote zake, na hati tumkabidhi yeye akaombee mkopo benki. Kaka zangu wawili wanataka kusaini kesho. Tuko watoto saba. Baba alifariki 2009 na mirathi hatujawahi kufungua.

Siku alipokuja huyo mwekezaji, dalali wake alikuwa anahesabu hatua kwa sauti kutoka barazani mpaka barabarani. Mama alikuwa amekaa hapo hapo kwenye mbuzi anakuna nazi. Yule kijana hakumwamkia. Alipofika kwenye miguu ya mama, mama akaikunja, kijana akapita, akaendelea kuhesabu. Usiku mama akaniambia, "Mimi hapa nitatoka nimebebwa."

Ninachouliza: mpango ukipitishwa tunalazimika kuuza? Ubia wa namna hii ni halali yetu kweli? Na mama nimfanyeje?

Mzee wa Gerezani

Mwanangu, mpe mama shikamoo yangu.

Nimeiona Kariakoo ikibadilika nyumba moja moja. Mkoloni alipopanga mji alituweka huku, akaacha uwazi wa Mnazi Mmoja katikati yetu na Uhindini. Kwa hiyo viwanja vya Kariakoo na Ilala ndivyo wazee wetu waliruhusiwa kushika mjini. Vidogo, lakini vya kwao. Halafu biashara ikakua, ghorofa la kwanza, la pili, na leo tembea Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe uhesabu nyumba za baraza zilizobaki.

Wenzangu waliouza mapema walipata pesa iliyoonekana nyingi siku ile. Wakanunua Mbagala, Chanika, wengine Tegeta. Si kwamba walipotea, la. Ila watoto wao leo wanapanda mabasi mawili kuja kuuza duka la mtu pale pale walipozaliwa. Msiuze kwa haraka.

Kaka Mkubwa 77

Uza dada. Saba mgawane, kila mtu ashike chake. Nyumba za urithi zinavunja undugu.

RamaniMji

Nimefanya kazi ya mipango miji zaidi ya miaka ishirini, nimestaafu. Ngoja nikutenganishie mambo mawili ambayo mkutanoni huwa yanachanganywa, na watu huuza kwa hofu kwa sababu hiyo.

La kwanza ni mpango kina, unaoandaliwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Huo unasema kwenye eneo hili matumizi ni yapi, sakafu ni ngapi, kiwanja kisipungue ukubwa gani, barabara ipite wapi. Mpango haumnyang'anyi mtu kiwanja. Mpaka wa eneo ukisogezwa mkaingia ndani, bado nyumba ni yenu. Kinachobadilika ni kwamba mkitaka kujenga upya, kibali kitafuata masharti mapya, na kiwanja chenu peke yake kinaweza kuonekana kidogo. Ndiyo maana wanazungumzia kuunganisha.

La pili ni utwaaji. Hapo Serikali inachukua ardhi kwa manufaa ya umma chini ya sheria ya 1967, na lazima ilipe. Kanuni za 2001 zimetaja vinavyolipwa: thamani ya ardhi na maendelezo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kama kuna biashara. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, kuna riba. Mkiona mthamini, msaini tu baada ya kusoma kila mstari, na picha za nyumba mpige wenyewe, mpaka jiko la uani na mwembe.

Sasa nami niseme la moyoni. Kupanua eneo si ubaya. Mabomba ya majitaka yaliyowekwa kwa nyumba za chini hayawezi kubeba ghorofa nane, na kujenga kiwanja kimoja kimoja bila mpango ndiko kulikotufikisha pale Kariakoo, ambapo gari la zimamoto linapita kwa shida. Soko liliungua Julai 2021, tuliona wote. Mpango mmoja wa mitaa kadhaa unaweza kuleta mfereji mpana, njia ya watembea kwa miguu, maegesho. Ubaya unakuja pale mpaka unapochorwa kabla wenye nyumba hawajakaa kikao cha maana. Sheria inataka wamiliki washirikishwe na mpango uwekwe wazi watu waukague na kupinga. Andikeni barua, mtaa mzima, mpeleke halmashauri ya jiji mkagongewe muhuri kwenye nakala yenu. Maneno ya mkutanoni hayana muhuri.

WakiliK

Dada, kabla ya yote: kaka zako hawana cha kusaini. Nyumba ni ya marehemu mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe. Mkataba watakaousaini leo una kasoro tangu mwanzo, na atakayeumia ni ninyi, maana watapokea pesa ya utangulizi halafu wadaiwe.

Fanyeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, wote mtie saini, mchague msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Akishateuliwa anatakiwa arudishe orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Na mama yako asiwekwe pembeni kama mgeni. Kama ni mirathi ya Kiislamu, mjane mwenye watoto ana thumni, yaani moja ya nane. Na kama alichangia ile nyumba kusimama, sehemu yake mwenyewe ijadiliwe kwanza ndipo kinachobaki kigawanywe.

Tazameni pia hati yenyewe. Ni ya miaka mingapi, imebaki mingapi, kodi ya ardhi imelipwa? Nimewahi kuona familia inagombania kiwanja ambacho muda wa hati ulishaisha.

Mama Swaumu

@BintiIlala mimi ubia umenipitia, nitakwambia kwa uchungu.

Kiwanja chetu Kariakoo tuliahidiwa sakafu mbili za juu, kama ninyi. Hati tukatoa. Jengo likafika sakafu ya tano, likasimama. Mwekezaji simu hapokei, benki ndiyo ikaanza kutuandikia sisi. Mama yangu alikufa tukiwa tumepanga vyumba viwili Buguruni, na nyumba yake ikiwa nguzo na kokoto.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni hili. Kariakoo pesa iko chini. Fremu ya duka ya barabarani mpangaji anatoa kilemba, yaani pesa ya kuishika fremu, kabla hata hajaleta mzigo, halafu kodi ya mwaka. Sakafu ya saba ni stoo, au nyumba ya kuishi ambayo lifti ikifa unabeba ndoo. Anayekupa "mbili za juu" anajua anachofanya. Dai fremu za chini, hata mbili tu, pamoja na sakafu moja ya kuishi isiyo mbali na ardhi.

Mwandikiane pia anayewalipia kodi mkiwa mmehama, mpaka siku ya funguo. Mwandikiane tarehe ya kumaliza na kiasi cha kulipwa kila mwezi akichelewa. Hati isiwekwe rehani bila saini ya msimamizi wenu.

WakiliK

Mama Swaumu amemaliza kazi yangu. Ninaongeza moja: tangu 2008 kuna sheria inayoruhusu kila sehemu ya jengo iwe na hati yake. Iandikwe kwenye mkataba kwamba sehemu zenu zitatolewa hati kwa majina yenu. Mkibaki na karatasi ya "makubaliano", mjukuu wako atakuja kuomba ushauri kama wewe leo.

Kota644

Mimi ni mtoto wa Magomeni Kota. Tulitolewa, nyumba zikabomolewa, tukakaa nje karibu muongo mzima. Wazee wengine hawakuwahi kurudi, walizikwa wakiwa wapangaji. Machi 2022 Rais Samia alizindua zile nyumba, kaya 644 zikarudi. Nilipanda ngazi na funguo mkononi nikalia.

Mnajua nini kilitusaidia? Orodha. Tulikuwa na majina ya kila kaya, tukaitunza, tukahudhuria kila kikao miaka yote ile. Mtaa wenu uandike orodha yake sasa hivi, nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba na mpangaji, kabla mtu yeyote hajahama. Ukishatawanyika ndipo unapoulizwa "wewe ulikuwa unakaa wapi?"

ChumbaKimoja

Nashukuru Kota644 kutaja wapangaji. Mimi nimepanga Ilala miaka kumi na moja, kibanda changu cha chipsi kiko hapo hapo mbele. Ghorofa likija, mwenye nyumba atajadiliana na mwekezaji, mimi nitapewa notisi. Watoto wanasoma hapo. Dada, huyo mama lishe wa kwenu, mmemwambia?

MtuWaMbali

Niko Marekani, mji niliopo ulipanua eneo lake la katikati la uendelezaji upya, nikawa nahudhuria vikao. Huku wanafanya hivi: mji unachora mpaka, thamani ya majengo yote ndani yake siku hiyo inagandishwa kwenye vitabu. Kodi ya thamani hiyo inaendelea kwenda shule na huduma nyingine. Thamani ikipanda baadaye, kodi ya kile kilichoongezeka inaingia mfuko wa eneo hilo, inajenga barabara, taa, mabomba, ili wawekezaji wavutike. California ilianza utaratibu huo 1952, na mwaka 2012 ikazifunga taasisi zake zote za uendelezaji upya, sababu mojawapo ikiwa fedha hizo zilihitajika shuleni na kwenye huduma nyingine za umma.

Kwenu hesabu ni tofauti, maana kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kilichopangwa, haifuati thamani. Lakini swali ni lile lile: thamani itakayopanda kwa sababu ya mpaka kusogezwa itaingia mfuko wa nani? Mtaa wa New London, Connecticut, watu walitolewa kwa ahadi ya ajira na kodi, kesi ikafika Mahakama ya Juu, 2005 wenye nyumba wakashindwa kwa kura 5 kwa 4. Nyumba zikaondoka. Mradi haukuja, eneo likabaki majani miaka mingi. Ulizeni mkutanoni: mwekezaji asipotokea, sisi tuliobomolewa tutakuwa wapi?

Zege

Mimi ni injinia. Sitaandika mengi. 2013 Mtaa wa Indira Gandhi ghorofa liliua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 Kariakoo likaanguka jingine, zaidi ya 20. Kabla hamjajadili sakafu, mwambieni mwekezaji alete ripoti ya udongo, mchoro wenye muhuri wa injinia aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi (ERB), na mkandarasi aliyesajiliwa na bodi ya makandarasi (CRB). Kibali kikisema sita, nane haipo. Ilala upande wa bonde la Msimbazi maji yako karibu, ukichimba chini unayakuta.

BintiIlala

Wakuu, nimesoma kila neno. Mama Swaumu, pole sana, nimekusoma mara mbili.

Jumapili tulikaa wote saba uani. Kaka mkubwa aliposomewa maneno ya wakili alinyamaza kabisa, kumbe alishapokea milioni mbili za "utangulizi". Tumechanga, zinarudishwa kesho mbele ya mjumbe, kwa maandishi. Msimamizi tumemchagua dada yetu wa tatu, anayejua kutunza karatasi. Orodha ya mtaa imeanza, tuna nyumba kumi na nne, na wapangaji wameandikwa. Mama lishe aliandika jina lake mwenyewe na biashara yake.

Mama aliachiwa aseme wa mwisho. Hakusema hataki ghorofa. Alisema, "Mkijenga, mnipe chumba cha chini kinachotazama barabara, nione nani anapita. Na mgeni akija aniamkie kwanza." Tumeyaandika hayo kwenye muhtasari, namba moja na namba mbili.

Nimebakiwa na jambo moja. Natafuta mthamini aliyesajiliwa, atuthaminie kwa ajili yetu wenyewe kabla ya mtu mwingine kuja na bei yake. Kuna anayemfahamu ambaye hajafungamana na madalali?

RamaniMji

Ninaye. Angalia ujumbe wa faragha. Aje asubuhi, na mama awepo.