Kupanga kesho bila kuipoteza leo: mpaka uko wapi?

Muulizaji
Ndugu wanajamvi, nina umri wa miaka 36, na tangu nianze kazi nimekuwa mtu wa mipango: ninalo daftari lenye bajeti ya kila mwezi, malengo ya miaka mitano na makadirio ya akiba hadi siku nitakayostaafu. Wiki iliyopita usiku, nikiwa nimeliinamia daftari hilo, binti yangu aliniletea picha aliyoichora, nami nikamwambia asubiri kidogo nimalizie safu moja ya hesabu. Nilipoinua kichwa alikuwa amelala kitini, penseli ya rangi ingali mkononi, karatasi imeangukia sakafuni. Tangu hapo najiuliza iwapo haya ninayoyafanya kwa ajili yake hayamnyimi kile anachokihitaji hasa. Wahenga walituachia "Akiba haiozi", na wakatuachia pia "Ponda mali, kufa kwaja". Nishike lipi, na kwa kiasi gani?

Msomaji wa Usiku
Pole, ndugu. Nionavyo mimi, daftari lako halina ubaya, ila halina saa ya kufungwa. Mwaka 2010 wanasaikolojia Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha utafiti ambamo watu wazima 2,250 waliulizwa kwa simu, nyakati mbalimbali za siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Katika takriban asilimia 47 ya nyakati hizo mawazo yao yalikuwa kwingine, na kwa jumla walikuwa na furaha pungufu kuliko pale walipozingatia walichokuwa wakikifanya. Mimi hupanga mara moja kwa mwezi, kwa saa moja, na benki huihamisha akiba yangu yenyewe siku ya mshahara, hivyo sina sababu ya kuiwaza kila usiku.

Mama Mstaafu
Mwanangu, mimi nimetokea upande wa pili, na ninakuomba usilitupe hilo daftari. Nina miaka 64. Kila mwaka nilisema nitaanza kuweka akiba mwakani, na nilifurahia maisha kwelikweli, sitakudanganya. Lakini fedha inayokua kwa asilimia 7 kwa mwaka huongezeka maradufu kwa takriban miaka 10, maana yake aliyeanza akiwa na miaka 30 huiona ikiongezeka hivyo karibu mara tatu anapofika 60, ilhali mimi niliyeshtuka nikiwa na 50 nimeiona mara moja tu. Leo nikiugua, huwapigia wanangu simu kabla ya kwenda hospitali. Hunijibu kwa upole, lakini ule ukimya mfupi kabla ya jibu nausikia kila mara.

Mdau
Naungana na Mama, ila ningeongeza kwamba si kila mpango unastahili kuandikwa kwa kina. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha matokeo kutoka kwa watu zaidi ya 19,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 68: katika kila rika, watu walikiri kuwa wamebadilika sana katika miaka 10 iliyopita, lakini waliamini kwamba miaka 10 ijayo ingewabadilisha kidogo tu. Kwa hiyo, ndugu, huyo mstaafu utakayekuwa wewe, unayempangia kila kitu, hujamfahamu bado. Mwekee akiba, afya na fedha ya dharura inayotosha matumizi ya miezi mitatu hadi sita, kisha mengine mwachie ayaamue mwenyewe. Binti yako, kwa upande wake, yupo hapo leo, na umri huu hautamrudia.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Mama, maneno yako kuhusu ule ukimya yamenigusa, na akiba nitaiendeleza bila kuipunguza. Daftari nimelihamishia Jumamosi ya kwanza ya mwezi, asubuhi, wakati binti yangu bado amelala. Ile picha nimeibandika ukutani juu ya meza. Jana nilimwuliza yule mtu aliye pembeni ya karatasi, asiyeonekana uso, ni nani. Akaniambia ni mimi, ninaandika.