Sakafu ya mbao imebonyea, nyumba ya babu Tukuyu: nimwage zege juu?

MjukuuWaTukuyu
Shikamooni wanaostahili, wengine habari za jioni. Nimeachiwa nyumba ya babu hapa Tukuyu, ya zamani, kuta za tofali za kuchoma, sakafu ya mbao iliyoinuliwa. Chini kuna uwazi wa futi mbili na nusu hivi, kuku wa jirani ndio wanaoujua vizuri. Sebule ni mita 4 kwa 5. Ukiweka goroli mlangoni inakimbia yenyewe, inasimama chini ya meza katikati ya chumba. Nimepima kwa mpira wa maji, ule wa mafundi wa kuangalia usawa: toka mlangoni hadi pale mezani imeshuka milimita 38. Mtu akipita, vikombe vinalia kabatini.

Fundi mmoja kaja, kaangalia dakika tano, kasema tumwage zege la sentimita 3 juu ya mbao, tupige vigae, biashara imeisha. Bei yake nzuri mno, ndiyo iliyonishtua.

KabariNaRanda, Mafinga
Kamwene. Usimwage! Mchanga na saruji wa unene huo ni karibu kilo 60 kwa kila mita ya mraba. Sebule yako ni mita za mraba 20, kwa hiyo kilo 1,200, vigae bado. Boriti zinazolalamika kwa kabati la vyombo unazitwisha tani nzima na ziada? Halafu mbao inacheza, zege halichezi; litapasuka tu.

Ingia chini na tochi na bisibisi. Choma kila boriti, hasa ncha zinazoingia ukutani. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, hapo pameoza. Nguzo nazo zitazame.

MamaIpogolo
Marahaba mwanangu. Ya kwangu Iringa nilianza na mbao za juu kwa sababu ndizo wageni wanazoziona. Mwaka uliofuata ikabonyea palepale. Angalia njia za udongo za mchwa zinazopanda kwenye nguzo. Na ukinunua mbao za dawa, kata kipande uone ndani: mimi nilibambikwa zilizopakwa rangi ya kijani kwa nje tu. Hata zile za kweli, ukishakata, ncha uliyokata ipake dawa upya.

MjukuuWaTukuyu
Nimeingia, nimetoka na utando wa buibui kichwani na yai moja mkononi. Mchwa sijaona. Boriti ni inchi 2 kwa 6, katikati zimelala juu ya mhimili unaobebwa na nguzo za mawe. Nguzo ya kati imezama. Gata la upande ule lilianguka siku nyingi, maji yote ya bati yanaingia chini ya nyumba, na mvua ya huku mnaijua. Boriti mbili za upande wa bafu bisibisi imezama. Matundu ya hewa babu aliyaziba kwa tofali, alikuwa anapigana na panya.

KabariNaRanda, Mafinga
Anza na gata na mfereji, la sivyo utarudi kuniuliza tena. Zibua matundu, weka wavu wa chuma, panya watabaki nje na hewa itapita.

Kisha jeki ya lori chini ya mhimili, ikalie mbao nene ili isizame. Inua milimita 2 au 3 kwa siku, basi. Ukikimbiza, plasta itachanika na milango itagoma kufunga. Kila unapoinua panga magogo kando yake. Usilale chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake. Ukibakiza milimita 5 usilazimishe, utazimalizia kwa vipande vya kuchonga juu ya boriti. Nguzo mpya ichimbiwe mpaka udongo mgumu, msingi wa zege, na nailoni nzito kati ya nguzo na mbao.

Zile mbili zilizooza, kata ncha mbovu, zifungie pacha ya paini kavu yenye dawa, urefu wote, bolti za milimita 12 kila sentimita 40, moja juu moja chini. Kati ya boriti na boriti gonga vipande vya kukingama, ndivyo vitakavyonyamazisha vikombe. Mbao za juu rudishia kwa skrubu. Misumari ikilegea ndiyo inayolia usiku mkadhani babu amerudi.

MjukuuWaTukuyu
Asante sana fundi, asante mama. Mjomba ana jeki ya Fuso, Jumamosi tunaanza na gata. Yai nimelirudisha kwa jirani. Kaniuliza mengine yako wapi.